Mwewe wa Tukuyu na Jongoo wa Pwani

Mimi ni mtu wa pwani, lakini mwaka jana nilikwenda Tukuyu, wilayani Rungwe, kumzuru sahibu yangu aliyehamia huko. Ni nchi ya mvua nyingi, migomba na chai, na baridi yake haimfai mtu wa umri wangu.

Asubuhi moja tumekaa barazani, mara akashuka mwewe, akakwapua kifaranga uani na kupaa nacho upande wa mlimani. Kuku alilia kidogo, kisha akarudi kuchakura. Mjukuu wa mwenyeji wangu, badala ya kurusha jiwe, alibaki akimtazama mwewe kwa mapenzi.

"Babu Sheikh," akaniuliza, "huko kwenu baharini kuna kiumbe hodari kama huyu?"

"Yuko jongoo," nikamjibu.

Alicheka sana, kwani jongoo amjuaye yeye ni yule wa miguu mingi apitaye migombani wakati wa mvua.

Nikamweleza kwamba jongoo wa pwani hana mbawa wala makucha. Hulala chini kama tango lililotupwa, humeza mchanga, akachukua riziki yake iliyomo, na mchanga ukatoka safi. Wako ambao wakishambuliwa hutupa nje hata matumbo yao, kisha Mwenyezi Mungu akawaoteshea mengine. Na mwewe tumsifuye hula hata mizoga! Fiqhi yetu imetukataza ndege mwenye makucha ya kuwindia, na vingi vya baharini imetuhalalishia. Jongoo huchemshwa, hukaushwa, akapelekwa China kwa bei kubwa. Unguja siku hizi wanamfuga.

Kijana hakushawishika, wala sikumlaumu, maana nilimficha jambo. Marehemu mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akishuka pwani wakati wa bamvua kuokota majongoo, akiwachemsha nyuma ya nyumba, harufu ikienea mtaa mzima. Kwa fedha hizo alinilipia ada ya chuoni na kuninunulia juzuu yangu ya kwanza. Wenzangu wakaniita mwana wa jongoo. Siku moja alitupita njiani, ndoo kichwani, akaniita kwa jina langu, nami nikageuza uso kama sikumsikia.

Hakuniuliza kwa nini. Jioni alinipakulia chakula kama kawaida yake.