Tangi Si Mafuta

Tarehe 23 Novemba 1996, ndege ya Ethiopian Airlines ilitekwa ikitoka Addis Ababa kwenda Nairobi. Watekaji watatu walitaka iende Australia. Rubani Leul Abate akawaambia mafuta hayatoshi. Wakakataa, eti wamesoma kwenye jarida la humo ndani kwamba ndege hiyo inaruka masaa 11. Kweli, tangi likijaa. Siku ile halikujaa. Injini zikazima moja baada ya nyingine, ndege ikaanguka baharini karibu na Ngazija. Kati ya watu 175, walikufa 125.

Ile ilikuwa ndege kubwa. Kwa ndege ndogo, kama Cessna zinazotua viwanja vya udongo upande wa Kongo, hesabu ni kali zaidi, maana nyingi zina injini moja tu. Ndiyo sababu rubani makini haamini geji peke yake. Anachovya kijiti kwenye tangi, aone kwa macho. Anakinga mafuta kidogo kutoka chini ya tangi, kwa sababu maji ni mazito kuliko petroli, hukaa chini, na yakifika kwenye injini inakohoa na kuzima. Nyingine zina tangi kila bawa, na injini inaweza kukata upande mmoja ukikauka huku wa pili una mafuta, kisa koki haikugeuzwa. Halafu kuna akiba. Kanuni za kimataifa zinadai angalau dakika 30 za ziada kwa safari ya mchana. Hiyo haipangiwi safari, ni ya matatizo.

Vijana wa boda hapa Nyakiyumbu wanayajua haya bila kupanda ndege. Pikipiki nayo ina koki ya rizavu. Lakini wengi wanaishi kwenye rizavu wiki nzima, wakinunua mafuta ya chupa, kwa wale ambao Kongo tunawaita kadhafi. Si ujinga. Pesa ya leo inanunua mafuta ya leo.

Msimu wa mvua uliopita, mmoja wao aliitwa usiku kumpeleka mama mjamzito Bwera. Kwenye mlima pikipiki ikakata. Mama alijifungua kando ya barabara, chini ya tochi ya simu. Mungu alisaidia, wote wazima. Jina la yule kijana lilikuwa kwenye orodha ya boda za dharura.

Ndugu zetu mnaofanya kazi za misaada, orodha hiyo inafanana na lile jarida. Inasema pikipiki zinaweza nini, haisemi zina nini usiku huu. Tunaomba kitu kidogo: dumu la lita tano, lifungwe, likae kwa mwenyekiti, liandikwe kila linapofunguliwa. Na kila jioni mtu mmoja apite na kijiti.