Bahari Aliyoilipia Mama

Haraka haraka haina baraka. Methali hiyo nimeisikia tangu nikiwa darasa la kwanza, na nimeitumia mara nyingi kuwakanya wenzangu. Lakini maana yake halisi niliipata nikiwa mtu mzima, mwenye mke na watoto wawili, nimesimama ufukoni Diani suruali nimeikunja hadi magotini, na bahari yenyewe siioni ilipo.

Kisa kilianza mwezi wa Novemba 2023. Mama yangu, mkulima wa Nyeri aliyekuwa na umri wa miaka 71, alikuwa hajawahi kuiona bahari. Marehemu baba alimwahidi safari hiyo mara nyingi, lakini kila akipata pesa, shughuli nyingine ilizimeza: mara karo yetu, mara bati la nyumba, mara ng'ombe kuugua. Baba alipofariki nilijiambia kwamba deni hilo sasa ni langu. Kwa hivyo nilipokuwa na shilingi 80,000 katika akiba, sikungoja tena. Nilimpigia Mama simu nikamwambia, "Mama, Krismasi hii tunakwenda Mombasa." Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Karo ya mtoto iko?" Nikamjibu kwamba iko, asiwe na wasiwasi.

Hapo ndipo nilipokosea, msomaji wangu. Karo ilikuwepo kweli, lakini ilikuwa katika mfuko ule ule wa pesa za matumizi. Nami sikuwa nimeketi hata dakika kumi kuandika hesabu ya safari.

Tulisafiri tarehe 27 Desemba kwa gari la moshi la alasiri: mimi, mke wangu, Mama, binti yetu wa miaka 15 na mvulana wa miaka tisa. Nauli ya daraja la kawaida ilikuwa shilingi 1,000 kwa mtu mzima na nusu yake kwa mtoto, nami nilikata tikiti za kwenda tu. Tulishuka Miritini usiku, tukatafuta gari la kutufikisha Likoni, tukapiga foleni ndefu ya feri pamoja na umati wa watu wa sikukuu. Mama alichungulia maji ya Kilindini gizani, akasema ni meusi kama chungu. Tulifika Diani karibu saa sita za usiku.

Nyumba niliyokuwa nimeikodi kwa simu ilikuwa ya vyumba viwili na jiko, mwendo mfupi kutoka ufukoni. Mwenye nyumba alinitoza shilingi 9,000 kwa usiku mmoja. Nilidhani hiyo ndiyo bei ya Diani, kumbe ilikuwa bei ya Krismasi. Siku sita zikawa shilingi 54,000 kabla hatujala hata hamri moja.

Asubuhi yake, mwendo wa saa nne, tulimpeleka Mama kuiona bahari. Alikuwa amevaa gauni lake la kanisani na kitambaa kipya kichwani. Tulipotokeza kwenye minazi tulikuta mchanga mweupe, kisha majani ya baharini, kisha vidimbwi na mawe, na mbali kabisa kwenye mwamba mstari mweupe wa mawimbi. Mvulana wangu alikuwa wa kwanza kusema: "Nyanya, bahari imeenda wapi?"

Mvuvi mmoja aliyekuwa akishona nyavu kando ya ngalawa yake alicheka, akamwamkia Mama shikamoo. "Haijaenda mbali, mama," alisema. "Mwezi ulikuwa mpevu juzi, na hizi ni siku za bamvua. Maji yakipwa hupwa sana, na yakijaa hujaa sana. Rudini saa kumi alasiri mtayakuta hapa ukutani."

Na kweli. Tuliporudi saa kumi na nusu maji yalikuwa yamefika kwenye ukuta wa mawe, mawimbi yanapiga, mchanga wote umemezwa. Mama aliiona bahari, naam, lakini aliiona akiwa ameshika mkono wangu kwa hofu. Watoto wangu hawakujua kuogelea, kwa hivyo sikuthubutu kuwaachilia. Siku tatu za kwanza zilikwenda hivyo: asubuhi hakuna maji ya kuogea, jioni yamezidi. Tukabaki kutumia pesa: tuktuk ya kwenda na kurudi, madafu, chakula cha hotelini, shanga na vinyago vya ufukoni ambavyo sikuweza kuvikataa mbele ya Mama.

Tuliondoka tarehe 2 Januari 2024. Siku moja kabla, nauli ya gari la moshi ilikuwa imepanda kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500. Tangazo lilikuwa limetolewa mapema, ila mimi sikuwa nimelisoma. Tulipofika Nairobi nilipiga hesabu kwa mara ya kwanza, na tayari maji yalikuwa yamemwagika. Nilikuwa nimetumia shilingi 108,000. Zile 28,000 zilizozidi zilikuwa karo ya binti yangu.

Wazazi wenzangu mnajua kwamba muhula wa kwanza ndio mzito kuliko yote, kwa sababu hubeba nusu ya karo ya mwaka mzima katika shule zetu za sekondari. Shule zilifunguliwa tarehe 8 Januari. Wenzake walipokuwa wakipanda magari na masanduku yao, binti yangu alikuwa ameketi sebuleni akisoma vitabu vya mwaka uliopita. Hakulalamika. Afadhali angelalamika! Nilijaribu kukopa kwa marafiki, lakini Januari ni nani aliye na pesa?

Siku ya tisa, Mama alinitumia shilingi 28,000 kwa simu. Sijui nani alimwambia. Nilipompigia alisema tu, "Nimeuza ule mtamba. Mpeleke mtoto shule." Basi ile zawadi niliyojigamba kwamba nimempa, mwishowe aliilipia mwenyewe, kwa ng'ombe aliyekuwa akimlea ili ampe maziwa.

Aibu hiyo ndiyo iliyonifundisha kupanga safari. Mwaka uliofuata nilianza na kalenda badala ya kuanza na mfuko. Nakueleza nilivyofanya, labda itakufaa.

Kwanza, majira. Pwani ya kusini ina pepo mbili kubwa. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi, na hizo ndizo siku za joto na maji maangavu. Kusi huvuma kuanzia karibu Mei hadi Septemba, hali ya hewa ni ya baridi kidogo, lakini bahari huchafuka nje ya mwamba na majani mengi hutupwa ufukoni. Masika hunyesha hasa Aprili na Mei, kwa hivyo likizo ya shule ya Aprili si ya kuichezea. Vuli hunyesha Oktoba na Novemba, na kuna miaka inapozidi, kama ilivyokuwa mwaka 2023 mvua za El Nino zilipoleta mafuriko Pwani. Nikalinganisha na kalenda ya shule. Mwaka 2024 shule zilifungwa mwishoni mwa Oktoba, na bei za Krismasi huanza kupanda katikati ya Desemba. Pakawa na mwanya: wiki ya kwanza na ya pili ya Desemba. Watoto wako nyumbani, vuli inaisha, kaskazi inaanza, na wenye nyumba bado wanatafuta wageni.

Pili, mwezi. Nilikumbuka maneno ya yule mvuvi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, bamvua huja, na katika pwani yetu maji hupwa mwendo wa saa nne asubuhi. Mwezi unapokuwa nusu, huja maji mafu: hayapwi sana wala hayajai sana, na asubuhi mwendo wa saa nne huwa yamejaa kwa upole. Mwezi ulikuwa nusu tarehe 8 Desemba 2024. Nikapanga safari kuanzia Jumamosi tarehe 7 hadi Jumatano tarehe 11, tuwahi kurudi kabla ya msongamano wa Jamhuri Dei. Lakini kama unataka kutembea hadi karibu na mwamba na kuwaonyesha watoto kaa na samaki wa vidimbwini, basi bamvua ndiyo yako. Vaa viatu tu, kuna wadudu wenye miiba.

Tatu, stakabadhi. Kwenye gari la moshi jina la tikiti lazima lilingane na kitambulisho, na cheti cha kuzaliwa cha mtoto kisisahaulike. Safari hii dada yangu anayeishi Uingereza aliamua kuungana nasi na watoto wake wawili waliozaliwa huko. Yeye ana pasipoti ya Kenya, akaingia kama mtu anayerudi kwao. Lakini watoto wake walikuwa na pasipoti za Uingereza pekee. Kenya iliondoa viza Januari 2024, na wengi wakadhani basi hakuna kitu tena. La hasha! Mahali pake pamekuja idhini ya kusafiri inayoombwa kwa mtandao, dola 30 kwa kila mtu, hata mtoto mchanga, nayo huombwa angalau siku tatu kabla ya safari. Pasipoti nayo iwe na miezi sita au zaidi kabla ya kuisha. Dada yangu alikuwa karibu kulipia katika mtandao wa matapeli uliofanana na ule wa serikali na kutoza karibu maradufu. Binti yangu ndiye aliyegundua anwani haikuwa ya serikali. Raia wa nchi nyingi za Jumuiya ya Afrika Mashariki hawahitaji idhini hiyo, kwa hivyo wewe mwenye binamu Tanga anaweza kuvukia Horohoro na Lunga Lunga kwa hati zake za kawaida za kusafiria.

Nne, hesabu. Nilimkabidhi binti yangu daftari. Nyumba ni ile ile ya mwaka uliopita, mwenye nyumba ni yule yule, ila bei sasa ilikuwa shilingi 4,500 kwa usiku. Siku nne, 18,000. Gari la moshi kwenda na kurudi, 13,500. Chakula cha siku tano, tukipika wenyewe, 12,500. Magari na tuktuk, 6,000. Matembezi, 5,000. Jumla 55,000, akaongeza sehemu ya kumi kwa ajili ya dharura, ikawa 60,500. Dada yangu alijilipia chake. Matembezi yenyewe hayakuwa ya gharama: Msikiti wa Kongo kwenye mlango wa mto Mwachema, msitu wa Kaya Kinondo ambako mgeni hufungwa kaniki kabla ya kuingia, na siku moja Msambweni, ambako ufuko ni mtulivu na samaki tulimnunua kwa wavuvi wenyewe.

Mama nilipomweleza mpango huo hakuusikiliza. Alisema neno moja tu: "Nionyeshe risiti ya karo kwanza." Nilipanda gari hadi Nyeri na risiti ya muhula wa kwanza wa 2025 mfukoni. Aliishika mbali na macho, akaisoma polepole, akaikunja na kuiweka ndani ya Biblia yake. Ndipo akauliza tunaondoka lini.

Safari hii tuliteremka mchana, tukapita barabara mpya ya Dongo Kundu bila kuiona foleni ya feri. Tarehe 9 asubuhi, saa nne, tulitokeza kwenye minazi ile ile. Maji yalikuwa yamejaa hadi katikati ya mchanga, yametulia kama maziwa kwenye kibuyu. Watoto wote wanne walikimbia wakaingia. Mama alivua viatu, akapandisha gauni, akaingia hadi magotini bila kushikwa mkono na mtu. Alisimama hapo muda mrefu bila kusema neno. Nilidhani anamkumbuka baba, na pengine alikuwa akimkumbuka.

Kisha akageuka, akaniita niende karibu. "Ni kubwa," alisema. "Baba yako angeipenda." Halafu akanitazama usoni. "Na karo ya muhula wa pili?"

Nilimwambia nimekwisha kuanza kuiweka, katika mfuko wake peke yake. Akatikisa kichwa, akarudi kuitazama bahari.