Azimio na Ruksa: Lakabu ya Mzee Mwinyi

Ali Hassan Mwinyi aliikubali lakabu yake hata akaiweka kwenye jalada la tawasifu iliyotoka mwaka 2021: Mzee Rukhsa, kwa "kh" ya Kiarabu. Alipofariki tarehe 29 Februari 2024, waombolezaji walilitamka neno hilo kama sifa. Enzi za utawala wake wapo waliolitamka kwa kebehi.

Katika fikihi ya Kiislamu, rukhsa huenda sambamba na azima. Azima ni hukumu ya asili, kali, ya watu wote. Rukhsa ni nafuu apewayo aliyefikwa na dhiki: msafiri akafupisha sala, mgonjwa akala mchana wa Ramadhani. Na mzizi uliozaa azima ndio huohuo uliotupa azimio. Sadfa iliyoje, basi, kwamba Azimio la Arusha la mwaka 1967 likaja kufuatwa na ruksa!

Dhiki ilikuwapo, hilo halina ubishi. Mwinyi alipoapishwa Novemba 1985, sabuni, sukari na nguo zilikuwa adimu Tanzania nzima. Mwaka 1986 serikali yake ilikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, ambalo masharti yake Mwalimu Nyerere aliyapinga kwa miaka kadhaa. Bidhaa zikarudi madukani, ilhali shilingi iliporomoka, na mwaka 1993 uchangiaji wa gharama ukabisha hodi hospitalini. Mwenye njaa alipewa ruksa ya kununua. Fedha za kununulia hazikuwa sehemu ya ruksa hiyo.

Katika siasa, magazeti ya watu binafsi yalichipuka, na mwaka 1992 mfumo wa chama kimoja ukafutwa kisheria. Wapo wanaomnyima Mwinyi sifa hii kwa kuwa Nyerere ndiye aliyeuchochea mjadala huo mwaka 1990. Hoja ina uzito, ila haitoshi. Tume ya Jaji Nyalali iliwakuta wananchi wengi wakitaka chama kimoja kibaki; rais mwenye uchu wa madaraka angejificha nyuma ya wingi huo. Mwinyi hakujificha, na mwaka 1995, muda wake ulipokwisha, aliondoka.

Kigugumizi kinaanzia Zanzibar, Februari 1991. Huko chama tawala, yeye akiwa mwenyekiti, kililegeza miiko ya uongozi: kiongozi akaruhusiwa kumiliki hisa, kupangisha nyumba na kupokea mishahara miwili. Hapa dhiki ilikuwa ya nani? Miezi kumi na mmoja tu kabla, Machi 1990, Mwinyi aliwataka mawaziri wake wote wajiuzulu kwa ajili ya rushwa. Na yeye mwenyewe, mwaka 1977, aliacha Uwaziri wa Mambo ya Ndani kwa sababu ya washukiwa waliofia mikononi mwa maafisa wa usalama huko Shinyanga, ingawa hakuwagusa kwa mkono wake. Azima aliyojihukumu nayo siku ile, mwaka 1991 aliwaondolea wenziwe.