Duara Moja Jekundu

Nilipostaafu ualimu nilijifunza Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, nikaunda programu ndogo ya kupima mashairi. Kila mshororo sharti uwe na mizani 16: nane za ukwapi, nane za utao. Nikaipa shairi langu la zamani. Ikasimama kwenye mshororo wa pili: mizani 15. Nikaubadili. Ikasimama kwenye wa tano. Nao nikaubadili. Iliposimama kwenye wa kumi na moja, nilianza kulitilia shaka shairi zima.

Mjukuu wangu akatazama, akacheka. "Babu, programu yako ikikutana na hitilafu moja inaacha kazi. Iamuru idake kila hitilafu, iiweke kwenye orodha pamoja na nambari ya mshororo, iendelee hadi mwisho, ndipo itoe taarifa." Akanionyesha kwamba tangu toleo la 3.11, la mwaka 2022, Python ina kundi maalumu la kubebea hitilafu nyingi kwa pamoja, kila moja ikibaki na aina yake na ujumbe wake.

Nikairudisha mishororo yangu ya awali, nikapima upya. Hitilafu saba zikajipanga mbele yangu. Mshororo huu una neno mtu, ule mji, mwingine mke, mwingine nchi. Kumbe programu ilihesabu irabu tu, ikaipa mtu mizani moja badala ya mbili! Shairi lilikuwa zima. Kipimo ndicho kilichokuwa kibovu, nami nilikwisha kuiharibu mishororo miwili isiyo na kosa.

Hapo nikamkumbuka mwanafunzi wangu mmoja wa kidato cha tatu. Aliniletea shairi, nikatia duara jekundu kwenye mshororo wa kwanza uliozidi mizani, nikamwambia arekebishe. Akarekebisha, nikatia duara jingine mbele. Niliamini namfunza subira. Baada ya duara la nne hakulileta tena, wala sikumwona akitunga.

Mishororo yake yote minne ilizidi kwa mizani moja, na kila mmoja ulikuwa na mtu au mji. Naye alikuwa akihesabu irabu. Ningeliyakusanya makosa yake kwenye ukurasa mmoja, ningelimweleza jambo moja tu: kwamba m ya mtu ni silabi kamili.

Siku hizi mtu akiniletea shairi, nalisoma hadi kituo cha ubeti wa mwisho. Kalamu nyekundu husubiri.