Chama Watano Shambani Magamba

Safari ya siku tano Mpanda ilinionyesha jinsi jina la staa linavyoweza kujaza duka, kumaliza mtaji na kupima ndoa.

Wa kwanza nilimwona kabla bajaji haijaingia senta. Alikuwa ameinama kwenye mahindi yaliyofika magotini, jembe mkononi, na mgongoni, juu ya jezi nyekundu iliyopauka kwa jua, paliandikwa CHAMA 17. Hatua chache mbele yake, mwingine. Chama 17. Kisha mama mmoja aliyebeba mtoto, namba imefunikwa na mbeleko lakini jina linachungulia kwa juu. Mpaka tunashuka nilikuwa nimehesabu Chama watano, wote wanapalilia, na hakuna hata mmoja aliyekuwa karibu na mpira.

“Kumbe Mwamba wa Lusaka siku hizi kahamia kilimo?” nilimtania mume wangu.

Hakucheka. Msomaji wangu, mume wangu ni Simba wa kufa mtu, na jina hilo nyumbani kwetu halitajwi tangu Julai 2024. Jezi yake ya Chama, aliyoinunua kwa mbwembwe na kuivaa hadi kwenye harusi ya rafiki yetu, ilishageuka dekio la jikoni. Si mimi niliyeigeuza. Aliileta mwenyewe, akaitupa kwenye ndoo, akaondoka bila kusema neno.

Mpanda si mbali tena

Tulikuwa tumekwenda kumsalimia wifi yangu, mdogo wa mume wangu, aliyeolewa Magamba. Ni kata ya pembezoni mwa Manispaa ya Mpanda, mkoani Katavi. Mjini kuna lami na taa. Ukisogea kidogo tu unakutana na mashamba, tanuri za matofali na watoto wanaokimbiza tairi barabarani.

Zamani ukimwambia mtu wa Dar unakwenda Mpanda alikuwa anakupa pole. Reli ya tawi kutoka Kaliua, iliyojengwa enzi za mkoloni kwa ajili ya madini ya risasi, ndiyo ilikuwa mkombozi, na safari ilikuwa ya kubeba mto na uvumilivu. Siku hizi kuna lami kutoka Tabora kupita Sikonge na Koga, zaidi ya kilomita 350 za miombo mitupu, na mizinga ya nyuki ikining'inia kwenye miti. Mkoa wenyewe bado mchanga, umezaliwa mwaka 2012. Ukikaa senta asubuhi utasalimiwa kwa Kikonongo, Kifipa, Kiha na Kisukuma kabla chai haijapoa.

Lakini jambo moja linawaunganisha wote. Swali la pili baada ya “hujambo” ni “wewe Simba au Yanga?” Klabu hizi mbili zilianzishwa Dar es Salaam, Yanga mwaka 1935 na Simba mwaka 1936, na wengi wa mashabiki niliokutana nao Magamba hawajawahi kuuona Uwanja wa Mkapa kwa macho yao. Wanamjua staa kwa sauti ya redio, kwa kioo cha simu na kwa kibanda umiza. Jezi ndiyo sehemu pekee ya staa wanayoweza kuigusa.

Na hapo ndipo biashara ya wifi yangu ilipoanzia.

Banda la rangi

Banda lake ni la mbao, bati juu, karibu na kijiwe cha bodaboda. Nilipofika nilidhani nimeingia kwenye pambo la sherehe! Nyekundu na nyeupe upande mmoja, kijani na njano upande wa pili, katikati jezi za Ulaya na kwingineko. Messi 10 ya pinki ya Inter Miami, ambayo wifi anasema inachukuliwa sana na wasichana. Ronaldo 7 ya Al Nassr, ambayo vijana wa Yanga wanaipenda kwa sababu moja tu: ni ya njano.

Kwenye kona ya juu ilining'inia moja ya Aston Villa, rangi ya damu ya mzee, SAMATTA 20. Nilishangaa. Mbwana Samatta alijiunga na Villa Januari 2020, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya England, akafunga katika mechi yake ya kwanza ya ligi, na Machi akafunga tena kwenye fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City. Ghafla nchi nzima ikawa ya Villa. Kufikia Septemba mwaka huo huo alikuwa ameshakwenda Fenerbahçe ya Uturuki.

“Hiyo nilikuta inauzwa mnadani,” wifi alisema. “Siiuzi. Nimeiweka inikumbushe.”

“Ikukumbushe nini?”

“Kwamba jezi inakuja kwa basi, wifi. Staa anaondoka kwa ndege.”

Nilicheka, lakini yeye alikuwa anapanga mzigo wake kimya kimya. Mume wangu, aliyekuwa amekaa kwenye ndoo iliyofunikwa, aliinama kama mtu anayefunga kamba za viatu. Alikuwa amevaa kandambili.

Usiku wa Julai mosi

Stori yenyewe alinisimulia jioni, tukichambua mchicha nyuma ya nyumba.

Clatous Chama alitua Simba mwaka 2018 akitokea Zambia. Machi 2019 alifunga bao la dakika za mwisho dhidi ya AS Vita ya Kongo, Simba ikaingia robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Tangu siku ile, anasema wifi, ukibandika jina la Chama kwenye jezi unakuwa umeuza hata kabla gundi haijapoa. Aliondoka kwenda RS Berkane ya Morocco mwaka 2021, akarudi Januari 2022, na watu wakampenda zaidi, kama mchumba aliyeondoka akagundua hakuna kama nyumbani.

Sasa Magamba, kama sehemu nyingi za Katavi, fedha inaonekana wakati wa mavuno. Mei mpaka Julai mahindi yameshaingia ndani, wanunuzi wanazunguka na magari, na mkulima ana noti mfukoni. Wifi akapiga hesabu. Juni 2024 akakopa kwenye VICOBA shilingi laki sita. Akaagiza Kariakoo jezi nyekundu 40 kwa shilingi 12,000 kila moja, kisha akamlipa kijana mwenye mashine mjini Mpanda shilingi 3,000 kwa kila mgongo. Zote arobaini: CHAMA 17. Angeuza kwa 20,000. Faida laki mbili, na ada ya mtoto imepatikana.

Kosa moja tu: mumewe hakuambiwa.

“Ungemwambia angesema nini?” nikamuuliza.

“Angesema usikope. Halafu yeye ni Yanga. Nikaona nitamwonyesha faida, siyo deni.”

Ndani ya wiki mbili aliuza jezi 11. Kisha ikaja tarehe 1 Julai.

Shemeji alirudi usiku ule akiimba tangu barabarani. Simu ikiwa juu, tochi imewashwa, anacheza mlangoni: Yanga wamemtangaza Chama! Mwamba wa Lusaka ni wetu! Akamkuta mkewe amekaa juu ya furushi, analia. Akajua ni Simba inamliza. Akamcheka, akamtania, akawapigia simu shemeji zake wote wa Simba, mume wangu akiwa wa kwanza. Ile simu naikumbuka vizuri! Mume wangu aliizima kabisa mpaka asubuhi.

Wifi alikaa na siri siku tatu. Jezi 29 chini ya kitanda, na kitandani mume anayeamka na furaha. Siku ya nne mwenyekiti wa kikundi alipita kuulizia rejesho, na mwenye nyumba ndiye aliyefungua mlango.

Mwanayanga mwenye jezi nyekundu

Hapa, wapenzi wasomaji, ndipo nilipoacha mchicha.

Shemeji alikasirika. Si kwa deni, anasema, kwa kufichwa. “Nilicheza muziki juu ya msiba wa mke wangu na hakuna aliyeniambia,” ndivyo alivyoniambia mwenyewe nilipomuuliza baadaye. Hawakusemeshana kwa wiki nzima zaidi ya “chakula tayari” na “asante”.

Kisha siku ya mnada akaamka mapema, akavuta furushi, akavua fulana yake ya njano na kuvaa CHAMA 17, nyekundu. Huyu ni mtu ambaye Februari 2024, Yanga ilipoiita mechi dhidi ya CR Belouizdad ya Algeria siku ya Pacome, alikwenda saluni kupakwa nywele rangi ya dhahabu kama Pacome Zouzoua. Yanga ilishinda 4-0 siku ile na akatembea na kichwa hicho mwezi mzima. Sasa amesimama katikati ya mnada na jezi ya mtani, anapiga kelele: “Jezi ya kulimia! Elfu saba! Jasho halichagui timu!”

Walimcheka sana. Wenzake wa Yanga walimpiga picha. Lakini watu wanaocheka husogea karibu, na wanaosogea hugusa bidhaa. Mwanachama wa Simba aliyeumizwa hakutaka kuivaa mjini, ila shambani nani anamwona? Na kwa elfu saba, kitambaa kizuri cha kulimia unakipata wapi? Zilikwisha zote 29 katika minada mitatu.

Piga hesabu nami: laki mbili na ishirini elfu za zile 11 za mwanzo, na laki mbili na elfu tatu za hizi. Jumla 423,000. Pengo la 177,000 walilijaza pamoja kwa kuuza magunia ya mahindi. Ada ilichelewa, mtoto akasoma.

Na ndiyo maana shamba zima la Magamba linapaliliwa na Chama.

Jina linahama

Usidhani haya ni ya Magamba tu. David Beckham alipokwenda Real Madrid mwaka 2003, jezi yake namba 23 ilisakwa dunia nzima. Klabu zetu nazo zimeamka. Mwaka 2021 Simba ilisaini na Vunja Bei mkataba wa jezi uliotangazwa kuwa wa shilingi bilioni 2 kwa miaka miwili. Aprili 2025 ikasaini na Jayrutty mkataba uliotajwa kufikia zaidi ya bilioni 38 kwa miaka mitano. Kutoka bilioni moja kwa mwaka hadi zaidi ya saba! Fedha hiyo inategemea mapenzi ya mtu kama yule mama mwenye mbeleko.

Lakini mkataba wa mchezaji una tarehe ya mwisho, na shabiki huwa haoneshwi. Emmanuel Okwi alivaa nyekundu, akavaa njano, akarudi nyekundu. Haruna Niyonzima alivuka kutoka Yanga kwenda Simba mwaka 2017. Chama mwenyewe, baada ya msimu mmoja wa njano, mwaka 2025 alikwenda Singida Black Stars. Hawajakosea, hiyo ni kazi yao. Hata wewe ukipata ofa nzuri kesho unaandika barua. Anayeumia ni yule aliyelipia jina.

Wifi ana sheria mpya mbili. Ya kwanza, habandiki jina mpaka mteja alipe yote mkononi. Rangi anaweka dukani kwa fedha yake, jina ni kwa fedha yako. Na bei anakuambia wazi kuwa jezi zake si zile rasmi za klabu; anayetaka rasmi anamwagizia, kwa bei yake. Ya pili, hakuna deni linaloingia nyumbani kabla ya kujadiliwa na wote wawili. Daftari la duka limening'inizwa ukutani kwa msumari, pale ambapo shemeji anatundika kofia yake.

Ukiamua kwenda

Wewe na mwenzako mkitaka kutoka kidogo kwenye foleni na ofisi, Katavi inawafaa. Panda basi Tabora asubuhi ili upite msituni mchana. Hifadhi ya Taifa ya Katavi, yenye kilomita za mraba 4,471, mnaingilia Sitalike, kusini mwa Mpanda. Nendeni kati ya Juni na Oktoba, maji yakipungua na viboko wakibanana kwenye mto Katuma kama abiria wa daladala. Rudini na asali. Na mpite Magamba, mle wali na samaki wa Tanganyika, muulizwe Simba au Yanga.

Siku ya kuondoka nilinunua jezi mbili kwa wifi, moja ya kila rangi, kuondoa ugomvi. Wifi akauliza kama tubandike majina. Mume wangu alifikiri sana, akaangalia barabarani ambako Chama mmoja alikuwa anapita na jembe begani.

“Acha hivyo hivyo,” akasema.

Tulipofika nyumbani nilikuta lile dekio halipo kwenye ndoo. Nimelikuta juzi kwenye kamba ya nguo, limefuliwa, limeanikwa ndani nje ili jina lisipauke zaidi. Sijamuuliza kitu.