Siku Mbili Naivasha, na Jembe la Siku ya Tatu

Twiga aliinua kichwa akaacha kutafuna. Kati yangu naye hapakuwa na kioo wala mlango wa gari. Palikuwa na nyasi fupi na hatua zipatazo thelathini. Nikasimama. Akanitazama kwa macho yale yenye kope ndefu, kwa utulivu wa mwenyeji aliyesikia hodi na bado anapima kama aitikie. Kisha akaurudia mgunga wake, nami nikahesabu kwamba nimekaribishwa.

Hapo ni Crescent Island, kipande cha nchi chenye umbo la mwezi mwandamo ndani ya Ziwa Naivasha, kilomita kama 90 kaskazini-magharibi mwa Nairobi. Ni ukingo wa kreta ya volkano ya kale: maji yalijaa shimoni, ukingo ukabaki juu, na ndani ya duara hilo ndipo ziwa lilipo na kina kirefu kuliko pengine pote. Maji yakipungua, mahali hapo huwa rasi. Yakijaa, huwa kisiwa. Simba hawapo, kwa hiyo mtu hutembea kwa miguu yake katikati ya pundamilia, nyumbu, kuro na twiga, kutwa nzima akipenda.

Wengi wetu tumezaliwa katika nchi ambazo dunia nzima huja kuzitazama, lakini wanyama wake tumewaona kupitia dirisha la basi la shule, au hatujawaona kabisa. Mbuga tumewaachia wenye magari makubwa na kofia pana. Naivasha inamfaa mtu aliyefika kwa matatu, akiwa na viatu vizuri na chupa ya maji.

Nilishuka Bonde la Ufa asubuhi kwa barabara ya chini, ile inayopita karibu na kanisa dogo lililojengwa na mateka wa vita Waitaliano mwaka 1942, kisha Mai Mahiu. Mlima Longonot ulitusindikiza upande wa kushoto, halafu maji yakaonekana. Ziwa hili liko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Katika maziwa ya Bonde la Ufa nchini Kenya, ndilo lililo juu kuliko yote. Majirani zake Elmenteita, Nakuru na Bogoria ni ya magadi, lakini Naivasha ni maji matamu, ingawa hakuna mto unaoonekana ukitoka humo. Mito Malewa na Gilgil huingiza maji, na sehemu yake huzama chini, ikapenya miamba ya volkano na kuondoka na chumvi. Kwa siri hiyo ya chini ya ardhi mafunjo huota ukingoni, samaki huzaliana, na ndege wa spishi zaidi ya 350 hupata riziki ziwani na kandokando yake.

Tulivuka kwa mashua kutoka ufuo wa kusini. Tulipita katikati ya migunga iliyokufa ikiwa imesimama, mashina meupe kama mifupa, kwa kuwa tangu mwaka 2010 hivi maji yamekuwa yakipanda. Mwaka 2020 yaliingia hadi nyumbani kwa watu mtaani Kihoto. Kila tawi kavu lilikuwa na mnandi aliyeanika mabawa. Furukombe alikuwa juu kabisa, kichwa cheupe, kifua cheupe, kama kadhi aliyekwisha kukaa barazani. Manahodha wengi humpigia mluzi na kumrushia samaki ili wageni wapige picha. Nilimwomba wetu anyamaze tungoje. Tukangoja. Alipojitupa mwenyewe, alishuka bila sauti, kucha zikachana maji, akapanda na samaki akifurukuta. Kisha akatoa ule mlio wake, na ng'ambo ya ghuba mwenzake akamjibu.

“Tumalize mapema, dada,” nahodha aliniambia. “Saa nane upepo unaamka.” Jina Naivasha limetokana na neno la Wamaasai lenye maana ya maji yenye mawimbi. Asubuhi ziwa ni sinia la fedha. Mchana laweza kupindua chombo. Waliolipa jina walikwisha kulisoma vizuri.

Kwa miguu, niligundua kwamba masikio hufika kabla ya macho. Nilisikia nyasi zikikatwa na meno ya pundamilia kabla sijamwona, nikasikia nyumbu akipiga chafya ya onyo. Mwongozaji wangu alinifundisha kutazama upepo unakotoka, kusimama mnyama mmoja wa pembeni anapoacha kutafuna, na zaidi ya yote kutosimama kati ya kiboko na maji. Kiboko akiona njia yake ya kurudi ziwani imezibwa, hana mjadala. Njia hizo zinajulikana kwa kutazama chini: mifereji miwili sambamba, iliyokanyagwa usiku baada ya usiku.

Jioni nilikunywa chai Elsamere, nyumba aliyoishi Joy Adamson, aliyeandika habari za simba Elsa. Mbega waliruka juu ya migunga, mikia yao myeupe ikining'inia. Giza lilipoingia, viboko wakaanza kutoka kwenda malishoni, na sisi tukaondoka ufuoni. Usiku nchi kavu ni zamu yao.

Siku ya pili ilikuwa ya baiskeli. Kabla ya jua kuchomoza, Barabara ya Moi South Lake ilikuwa imejaa watu: wafanyakazi wa mashamba ya maua, wengine kwa miguu, wengine kwa baiskeli nzee zisizo na taa. Niliendesha pamoja nao, nikiona haya kidogo kwamba kwangu hii ni likizo na kwao ni njia ya mkate. Pembeni mahema ya plastiki yalimetameta, na ndani yake waridi linalopelekwa Ulaya, limenywa maji ya ziwa hili hili.

Nilikata kushoto kuelekea Hell's Gate, hifadhi ya kilomita za mraba 68 iliyoanzishwa mwaka 1984, mojawapo ya chache nchini ambako mgeni anaruhusiwa kupita kwa baiskeli au kwa miguu. Baiskeli hukodishwa njiani na langoni. Jaribu breki na gia kabla ya kulipa. Ukishapita lango la Elsa, unapokewa na Fischer's Tower, nguzo ya mwamba wa volkano yenye jina la Mjerumani Gustav Fischer aliyefika huko mwaka 1883. Wamaasai husimulia habari nyingine: kwamba ni bibi harusi aliyegeuka nyuma kuitazama nyumba ya wazazi wake, akawa jiwe. Leo pimbi huota jua miguuni pake.

Kutoka langoni ni kilomita kama nane za vumbi kati ya kuta za mwamba mwekundu. Kongoni walivuka mbele yangu wakiwa wamenyoosha shingo. Ngiri walikimbia na mikia juu. Swala tomi hawakuhangaika hata kidogo. Baiskeli haitoi moshi wala mngurumo. Nilipoona nyati mbali, nilishuka, nikasubiri wapite. Chui wapo pia, ingawa huonekana kwa nadra. Juu ya kuta, ndege wakubwa wala nyama walizunguka kwenye hewa yenye joto, na mbele zaidi mvuke mweupe ulipanda kutoka Olkaria, ambako Kenya imekuwa ikivuna umeme wa jotoardhi tangu mwaka 1981.

Mwisho wa njia ni korongo la Ol Njorowa. Zamani sana, ziwa lilipokuwa kubwa mara nyingi kuliko leo, maji yalifurika kupitia hapa na kuchonga mwamba. Unaposhuka kati ya kuta hizo nyembamba, ukigusa vijito vya maji moto yanayotoka ubavuni, unatembea ndani ya mlango ambao ziwa lenyewe lilipita. Lakini mlango huo bado hufunguka. Mvua ikinyesha vilimani, hata kama juu yako ni jua, mafuriko huja kwa dakika chache, na mwaka 2012 na 2019 yaliua wageni. Waulize askari wa hifadhi kwanza. Wakisema leo hapana, rudi na shukrani.

Siku ya tatu nilitaka kurudi majini mara moja tu, kuaga. Nilifika ufuo wa Kamere alfajiri, nikakuta ziwa halipo. Upepo wa usiku ulikuwa umeleta gugumaji, zulia la kijani lililoanzia miguuni petu hadi mbali, na mashua zote zilikuwa zimefungiwa ndani. Gugu hili la Amerika ya Kusini limo Naivasha tangu mwaka 1988, na hunenepa kwa mbolea inayosombwa kutoka mashambani na kwa uchafu wa mji. Kabla yake, mwaka 1970, kamba wa maji baridi wenye asili ya Marekani waliachiliwa humu ili wavuliwe na kuuzwa. Wakaila mimea ya majini hata mayungiyungi ya buluu yakapungua mno. Tangu 1995 ziwa limo katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, lakini orodha haivuti gugu.

Wavuvi walikuwa wamekwisha kuingia majini hadi kiunoni. Nahodha wangu wa juzi aliniona, akachomoa upondo mrefu akaniletea. “Mgeni siku mbili, dada,” alisema, na msemo akauacha hapo hapo.

Nikavua viatu. Tulisukuma kwa saa mbili: wengine wakikata mizizi kwa panga, wengine wakivuta mafungu hadi nchi kavu, mimi nikishindilia upondo chini na kuegemea kwa uzito wangu wote. Gugu moja ni jepesi kama kitunguu. Zulia lake ni zito kama nyumba. Katika mizizi tulikuta vifaranga vya samaki, chupa za plastiki na konokono. Hatimaye njia nyembamba ikafunguka, mashua ya kwanza ikapita na nyavu zake, na aliyeushika usukani akanipungia mkono bila kugeuka, kwa kuwa macho yake yalikuwa mbele.

Nilikula samaki wa kukaanga na ugali chini ya mti, viganja vikiniwaka. Saa nane upepo ukaamka kama ulivyoahidiwa. Taratibu lile zulia likaanza kurudi kwenye njia tuliyoifungua. Hakuna aliyelalamika, wavuvi walikaa wakashona nyavu. Kesho asubuhi njia itakuwa imezibwa tena, na upondo utakuwa pale pale, umeegemezwa kwenye mgunga. Ukienda Naivasha, tembea, endesha baiskeli, mtazame furukombe akivua mwenyewe. Halafu utafute ule upondo.