Nyumba ya chatu

Wengi kati yenu mumeniuliza habari ya ile nyoka ya nyuma ya laboratwari. Wengine munasema ni dawa ya uchawi, wengine munasema Bwana Prefe anainenepesha kwa sikukuu. Basi nimeomba ukurasa huu nieleze yote tangu mwanzo, na kosa langu pia, maana nusu ya habari mulikwisha kuisikia kwa midomo ya watu.

Wakati wa vakanse ya Paska, mujomba wangu alipanda Bunia kutoka Kasenyi, kule anakovua samaki ku Ziwa Albert. Ndani ya gunia alileta chatu kijana iliyojifunga katika wavu wake usiku. Urefu wake ulipita mita moja kidogo, na unene ulikuwa kama mukono wangu. Alitaka kuiuza ku soko, sababu watu wengi wanapenda nyama yake. Nikamuomba: "Mujomba, unipe miye, tutajifunza nayo ku biologia." Akacheka sana. "Mutoto wa mission, unataka nyoka? Haya, beba. Lakini ikikula kuku ya mama yako, miye simo."

Mwalimu wetu wa biologia alikubali, lakini kwa masharti. Ilale katika sanduku yenye kadena, na hakuna mutu kuishika akiwa peke yake. Chatu haina sumu, ni kweli, lakini meno yake yamepindama kwenda nyuma, na ikikomaa inapita mita tatu, nyingine zinafika tano. Chatu ya namna ile inashinda mbuzi, na hata mutu. Tena kila kitu kiandikwe katika daftari: siku ya kula, joto, maji, mavi. Daftari hilo alinipa mimi.

Tulijenga sanduku kwa mbao za vitanda vya zamani vya internat, urefu mita moja na nusu. Pande zote nne tukatia waya wenye matundu madogo, ule wa kufungia kuku. Tulijisifu sana. Mwalimu akaizunguka kimya, kisha akasema: "Hii ni nyumba ya watazamaji. Nyoka atajificha wapi?" Ikabidi kuziba pande tatu kwa mbao. Ndani tukaweka chungu kilichovunjika kiwe pango yake, kwa maana nyoka isiyo na maficho haitulii, na isipotulia haili. Tukaweka na beseni pana ya maji ambamo inaweza kujikunja mwili mzima, na chini karatasi za mitihani ya zamani, sababu ni rahisi kuzitupa zikichafuka. (Chatu ililalia sufuri zangu za kemia, sikuhuzunika.)

Shida kubwa ilikuwa baridi. Kasenyi iko kando ya ziwa, ku kimo cha mita mia sita na kidogo, na joto haliishi pale. Bunia iko juu ya mita 1,200. Nyoka haijitengenezei joto kama sisi, inalipata kwa jua na kwa mawe. Chatu inataka upande mumoja wa nyumba yake ufike digrii 30 na zaidi, upande mwingine 26 hivi, ichague yenyewe. Usiku wa kwanza termometre ilionyesha 17! Na umeme wa shule unazimwa saa tatu.

Basi tukatumia bidoni mbili za maji ya moto zilizofungwa katika gunia, kubadilishwa saa tatu na tena saa kumi ya usiku. Mama wa jikoni alikataa. "Maji yangu kwa shetani? Hapana." Akatutajia Mwanzo, sura ya tatu. Ni muchungaji wa shule aliyemwambia kwamba Nuhu hakuiacha nyoka nje ya safina. Mama akacheka, akatoa maji, lakini mpaka leo hajakanyaga kule nyuma.

Siku ya kumi na mbili ilikula panya. Tulimpa panya aliyekufa, sababu panya wa uzima anaweza kuuma nyoka na kuitia vidonda. Tulimpasha joto kwanza katika maji, maana ku midomo ya chatu kuna vitundu vinavyosikia joto la mawindo. Tukamuchezesha ku mwisho wa fimbo. Ilimukamata, ikamufunga mara tatu. Watu wanasema inavunja mifupa. Sivyo. Utafiti uliotolewa mwaka 2015 juu ya boa, anayekaza vilevile, ulionyesha kwamba inazuia damu kutembea mpaka moyo unasimama. Nikaandika: "Amekula. Sawa."

Kesho yake ilikuwa siku ya Mungu. Wageni walikuja, na wasichana wa shule ya jirani. Mwalimu alikuwa amenipa ufunguo kwa kubadilisha maji tu. Mimi nikaitoa chatu, nikaivaa ku shingo, nikatembea nayo mbele yao kama askari mwenye medali. Saa mbili baadaye ikatapika panya mzima. Nyoka iliyotoka kula haishikwi siku mbili au tatu, na mimi nilijua, tulikuwa tumesoma. Nikamuzika panya nyuma ya choo. Katika daftari sikuandika kitu. Usiku ule zamu ya saa kumi ilikuwa yangu, nikalala mpaka kengele.

Asubuhi chatu ilikuwa baridi kama jiwe. Siku mbili baadaye ikaanza kufungua kinywa, na mapovu madogo yakatoka ku pua. Niliwaambia wenzangu labda inataka kubadilisha ngozi. Mwalimu akasoma daftari, akakuta "Amekula. Sawa", akasema: "Ana chakula ndani ya tumbo, ana nguvu. Juma lijalo tutamupa mwingine mukubwa zaidi." Nikaona kwamba yule panya mukubwa angeimaliza, na ingekuwa kwa maandishi yangu. Usiku nilienda kugonga mulango wake.

Hakunipiga, hakunipeleka kwa Bwana Prefe. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanipa kalamu. "Andika vile ilivyokuwa. Weka na saa." Nikaandika mbele yake, mikono ikitetemeka. Ufunguo akaurudisha katika mufuko wake, na uko pale mpaka leo.

Juma tatu hatukuipa chakula. Tulichunga joto tu, muchana na usiku, na mimi nilifanya zamu za saa kumi zote. Hapa hatuna munganga wa nyoka. Mapovu yalipungua polepole, yakaisha. Halafu macho yakawa meupe kama maziwa, na asubuhi moja tukakuta ngozi yote imetoka, nzima, mpaka ile ya juu ya macho. Baada ya siku nne ikakula panya mudogo. Nimeandika saa.

Vakanse kubwa ikifika itarudi ku ziwa. Sanduku itakuwa ndogo, na shule haiwezi kulisha nyama ya mita nne. Tena inchi yetu iliingia katika mapatano ya CITES tangu mwaka 1976, na chatu zote ziko katika orodha zake, si kuku za kufuga. Mujomba ameahidi kuiachilia pale alipoikamata, mbali kidogo na nyavu. Lakini katika barua yake ameandika pia kwamba bei ya nyama imepanda, kwa hiyo mwalimu na mimi tutashuka naye ndani ya lori, na gunia litakaa ku magoti yangu.

Mpaka siku ile tunatafuta mutu mumoja kwa zamu ya saa kumi ya usiku, sababu mitihani imefika na nasinzia darasani. Anayetaka aone mwalimu, si mimi.